Siku moja kwenye korongo la Lofoi: panga kurudi kabla ya kupanga kwenda

"Yaya", yaani mkubwa wangu, "ni mbali?" Hilo ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na wadogo zangu wa Lubumbashi wanaotaka kwenda kuona maporomoko ya Lofoi, huku kwetu Katanga, Kongo. Ni mbali, ndiyo: kilometa 180 hivi kaskazini-mashariki ya mji, na sehemu kubwa ni barabara ya udongo. Lakini swali ninalopenda waniulize ni lingine: tutarudi vipi? Mwongozo huu nimeujenga juu ya swali hilo la pili. Kila taabu niliyoiona kule ilitokea alasiri, watu wakiwa wameshaona maji, wameshakula, na miguu imeanza kulegea.

Kwa asiyepajua: mto Lofoi unatoka kwenye tambarare ya juu ya Kundelungu, iliyo zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Unafika ukingoni na kuanguka mara moja, zaidi ya mita 300, ndani ya korongo lenye msitu mzito. Mosi-oa-Tunya, ambayo ndugu zetu wa Zambia wanajivunia kwa haki, ina mita 108. Sisi tuliozaliwa kwenye nchi ya miombo na vichuguu, ambako jicho linazoea kwenda mbali bila kupanda juu, tukifika pale chini shingo inauma kwa kutazama. Mahali hapa pamo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970, na kila Mkatanga angepaswa kupaona angalau mara moja kabla ya kuzeeka.

Kutembea ni kwa siku moja, lakini msidanganyike: safari yote ni siku tatu. Siku ya kwanza ni ya barabara, ya pili ya korongo, ya tatu ya kurudi mjini. Kundi linalotoka Lubumbashi alfajiri likitaka kutembea siku hiyohiyo linaingia korongoni mchana na kutoka gizani. Msifanye hivyo.

Hatua ya 1: chagua mwezi

Mvua zetu zinaanza Novemba na kuisha kati ya Machi na Aprili. Katika miezi hiyo maporomoko yanapendeza sana, yananguruma na kujaza korongo ukungu, lakini ndipo barabara inapogeuka matope, kamyo, yaani malori, zinakwama, na mto unaweza kujaa wakati nyinyi mmo ndani. Mwezi wa Septemba na Oktoba ni kinyume chake: joto kali, moto wa porini unakimbia kwenye majani makavu, na maji yaliyobaki ni kamba nyembamba inayopeperushwa na upepo. Nimeona watu wakisafiri siku nzima katika mwezi huo, kisha wakauliza maporomoko yako wapi.

Mwezi wangu ni Mei. Mvua zimekatika, udongo umeshika, na tambarare ya juu bado ina maji ya kutosha. Juni pia ni mzuri, ila usiku una baridi inayoingia hadi kwenye mifupa, na mwenye blanketi moja atalala amekaa.

Hatua ya 2: ruhusa, na habari za njia

Anzeni ofisini. Hifadhi zote za taifa nchini zinasimamiwa na ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi maumbile, na ofisi yao iko Lubumbashi. Nendeni wiki moja kabla, mkiwa na majina ya watu wote na namba ya gari. Mambo mnayotaka kujua ni matatu: malipo ya kuingia, mlinzi atakayewasindikiza, na hali ya usalama wiki hiyo. Hili la mwisho msilione aibu kuuliza mara mbili. Kaskazini ya huku kwetu imepitia miaka ya makundi yenye silaha, na njia iliyo tulivu mwezi mmoja inaweza isiwe hivyo mwezi unaofuata. Wakisema msiende, basi msiende. Maporomoko hayahami.

Mlinzi si mtu wa kuwafungulia mlango tu. Yeye ndiye anayejua kama mto ulijaa juzi, mti gani umeanguka njiani, na mahali pa kuvukia pamehama wapi. Mwiteni baba au mukubwa kama umri wake unavyostahili, mgawieni chakula kilekile mnachokula, na akisema "tusimame", simameni kabla ya kuuliza sababu. Vilevile, mkipita kijiji cha mwisho, shukeni garini msalimie wazee. Nchi ile ina wenyewe, Walomotwa na Wasanga, na katika vijiji vingi vya kwetu mahali maji yanapoanguka ni mahali pa kuheshimiwa, si pa kelele. Salamu ya dakika kumi mara nyingi inawapa habari ambazo hakuna ofisi inazo.

Hatua ya 3: hesabu saa kwa kuanzia mwisho

Hapa ndipo ninapowaomba mkae na karatasi. Na kwa kuwa mjini tumezoea kuchanganya saa za Kifaransa na za Kiswahili, kubalianeni kwanza: mimi hapa ninahesabu kwa Kiswahili, saa 1 asubuhi jua limeshatoka, saa 12 jioni limeshazama.

Mwezi Juni, huku kwetu jua linatua kabla ya saa 12 jioni. Lakini korongoni halitui, linajificha. Kuta zinalificha mapema, na chini ya miti ya mushitu, ule msitu wa kando ya maji usiopukutisha majani, giza linaanza kukusanyika wakati juu kwenye tambarare watu bado wanaanika nguo. Kwa hiyo hesabuni kwamba mchana wenu unaisha saa 10 na nusu.

Sasa rudini nyuma. Kama mlinzi anasema kwenda kunachukua muda wa saa tatu, kurudi pia kuhesabuni saa tatu, ongezeni saa moja ya uchovu na ya mtu mmoja atakayeumia kidole. Hiyo ni saa nne. Ukitoa saa nne kutoka saa 10 na nusu unapata saa 6 na nusu mchana. Hiyo ndiyo saa ya kugeuka. Kukaa chini ya maporomoko mnahitaji saa moja na nusu, basi mfike kwenye saa 5. Kwenda saa tatu, pamoja na nusu saa ya kupumzika, na mnaona wenyewe kwamba lazima muanze saa 1 na nusu asubuhi, uji ukiwa umeshanywewa.

Andikeni saa ya kugeuka kwenye karatasi na kila mtu aijue. Ikifika, mnageuka popote mlipo, hata kama mlio wa maji unasikika nyuma ya kona. Ninasema hivi kwa sababu mara yangu ya kwanza hatukuwa na saa ya kugeuka. Tulikaa chini ya maji hadi baridi ikatufukuza, tukarudi watu watano na toshi moja, na rafiki yangu akateguka kifundo kwenye mzizi ambao mchana hata mtoto angeuona. Tulimbeba kwa zamu. Hakuna aliyekufa, lakini sijasahau sauti ya mto ule usiku, nikiwa sijui kama uko mbele yangu au pembeni.

Hatua ya 4: mzigo

Viatu kwanza, kwa maana ndivyo vinavyoamua siku yako. Vinavyofaa ni vile vyenye meno chini, vilivyokwisha kuzoea mguu wako, na ambavyo uko tayari kuvilowesha. Buti za mpira hazifai: zikijaa maji zinakuwa ndoo mbili miguuni. Kandambili ni za kambini. Kwenye mitumba ya soko la Kenya, pale Lubumbashi, utapata viatu vizuri kwa bei ndogo, ila vivae wiki mbili mtaani kwanza. Soksi jozi mbili, ya pili ikiwa imefungwa ndani ya sashe, yaani mfuko wa plastiki, isiyopitisha maji, pamoja na simu na kiberiti.

Suruali ndefu na mikono mirefu, hata kukiwa na joto. Epuka nguo za bluu na nyeusi, kwa kuwa rangi hizo zinawavuta mbung'o. Kahawia na kijani kilichofifia ni salama zaidi.

Maji ya kunywa: lita tatu kwa kila mtu. Uzito wake utaulalamikia asubuhi na kuushukuru alasiri. Maji ya mto yanaonekana safi kama kioo, lakini yachemsheni au tieni dawa ya maji kabla ya kunywa.

Chakula nina maoni yangu. Bukari, yaani ugali, ya kubeba inakauka na kuwa jiwe, na anayeila mchana anataka kulala. Ileni usiku kambini, na sombe (majani ya mihogo) na ndakala (dagaa), mshibe vizuri. Kwa korongoni bebeni viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga za kukaanga na mikate. Ndakala wa kukaanga wakavu pia wanasafiri vizuri na chumvi yao inarudisha ile mliyotoa kwa jasho. Munkoyo ni kinywaji chetu na ninakipenda, lakini kinaendelea kuchachuka njiani. Bidoni, yaani dumu, iliyojazwa hadi juu na kufungwa kwa nguvu itapasuka kwa mitikisiko ya barabara. Acheni nafasi na mlegeze kifuniko.

Mengine ni ya kawaida: toshi kwa kila mtu, si moja kwa kundi, filimbi, kamba ya mita ishirini, kitambaa kirefu cha kufungia jeraha, sukari na chumvi. Hivyo viwili vya mwisho ni dawa. Mtu akiharisha au akizidiwa na jua, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa sawasawa bila kilima, anywe kidogokidogo.

Na kabla ya kutoka mjini, mwachie mtu mmoja aliyebaki nyumbani karatasi: majina, gari, mahali, na saa ambayo asiposikia sauti yenu aanze kuwatafuta kupitia ofisi ya hifadhi. Msihesabu kwamba simu itashika mtandao korongoni.

Hatua ya 5: kuingia

Asubuhi ya kwanza mnapotembea kutoka kwenye miombo mkavu hadi kwenye mushitu, mtaujua mpaka kwa ngozi kabla ya macho. Hewa inapoa ghafla, ardhi inakuwa nyeusi na laini, majani yanadondosha maji bila mvua. Hapo punguzeni mwendo. Atangulie mlinzi, nyuma yake yule anayetembea polepole kuliko wote, na mwisho kabisa mtu mwenye nguvu. Kundi linalotanguliza wenye kasi linakatika vipande viwili ndani ya nusu saa.

Geukeni nyuma kila baada ya muda na muitazame njia kwa upande wa kurudi. Mti uliopinda asubuhi kulia, jioni utakuwa kushoto, na mwanga utakuwa umebadilika. Mimi huwaambia watoto waipe majina ya kwao: "jiwe la kobe", "mti wa mama mzee". Jioni wao ndio wanaotuongoza.

Mkono usishike kitu ambacho jicho halijakiona. Mizizi na mawe yenye joto la jua ndiyo vitanda vya nyoka. Tembeeni kwa kishindo, nyoka wengi wataondoka wenyewe. Na huku chini kwenye nchi ya mto Lufira, mabwawa mapana yaliyotulia si ya kuogelea hata yakivutia vipi, kwa ajili ya mamba na viboko, na kwa ajili ya kichocho, ambacho konokono wake wanapenda maji yaliyosimama.

Hatua ya 6: kuvuka mto

Ningeweza kuandika mwongozo mzima juu ya hatua hii peke yake. Korongo halina njia pana. Ukuta unakubana upande mmoja, unavuka kwenda wa pili, kisha unarudi. Na mto mliouvuka asubuhi ndio mtakaouvuka alasiri, mkiwa mmechoka. Kwa hiyo swali la kujiuliza pale ukingoni ni hili: maji haya yakiongezeka kwa kiganja kimoja, bado nitayavuka? Kama jibu ni hapana, hapo ndipo mwisho wa safari yenu, na kaeni mle karanga zenu kwa amani.

Msivukie mahali pembamba, kwa maana ndipo penye kina na nguvu. Tafuteni mahali mto unapotanuka na kuonyesha mawe chini. Maji yanayokwenda kasi yasipite goti. Vaa viatu. Fungua mkanda wa kiunoni wa begi na ulegeze mikanda ya mabegani, ili ukianguka uweze kuuacha mzigo uende. Kata fimbo ngumu inayofika begani kutoka kwenye tawi lililoanguka, si kwenye mti ulio hai. Uso utazame mto unakotoka, fimbo mbele yako, na usogee kando kama kaa: fimbo, mguu, mguu. Usiinue mguu mmoja mpaka mwingine na fimbo vimeshika.

Wasio na uzoefu wavuke watatu watatu wameshikana mabega, mzito zaidi akikata maji. Kamba ni ya kushika kwa mkono au kuvushia mizigo. Usimfunge mtu kamba mwilini: akianguka, kamba itamshikilia chini ya maji badala ya kumwokoa.

Kisha jambo ambalo ningependa kila mtu alishike. Kila mnaposimama karibu na mto, chomekeni kijiti pale maji yanapoishia. Baada ya dakika kumi kitazameni. Korongoni mnaona ukanda mdogo tu wa mbingu, na mvua inaweza kuwa inanyesha juu kwenye tambarare huku kwenu jua linawaka. Kijiti kikizama, maji yakigeuka kahawia, majani mabichi na vijiti vikianza kupita kwa wingi, au mlio wa mto ukibadilika na kuwa mzito, msisubiri kuthibitisha. Pandeni juu, upande huo huo mlipo, mbali na maji, hata kama mizigo iko ng'ambo. Mto wa korongo unajaa haraka na mara nyingi unapungua haraka pia. Saa chache za kungoja juu ya mwamba zinavumilika.

Hatua ya 7: chini ya maporomoko

Mtayahisi kifuani kabla ya kuyaona. Manyunyu yanafika kwanza, kisha upepo ambao maji yenyewe yanautengeneza, halafu msitu unafunguka.

Kaeni mbali na mahali maji yanapogonga. Kutoka zaidi ya mita 300, hata jiwe dogo kama yai lina nguvu ya kuua, na mto hauchagui kinachoshuka nao: kokoto, matawi, wakati mwingine gogo zima. Kwa hiyo anayetaka kusimama chini yake kwa ajili ya picha akataliwe, hata kama ndiye aliyelipia mazuti ya gari. Mawe ya pale pia yana utelezi wa kijani. Kanyaga penye ukavu na ukwaru, na kama huna uhakika, kaa chini uteleze kwa makalio.

Vaeni kitu cha kujikinga na baridi mara tu mnapofika, kabla ya kuanza kutetemeka. Kuleni. Nyamazeni kidogo. Taka zote, pamoja na maganda ya mayai, zirudi kwenye sashe na zitoke nanyi.

Saa 6 na nusu mnageuka.

Hatua ya 8: kurudi, na kama mtu ameumia

Badilisheni soksi kabla ya kuondoka. Ni jambo dogo, lakini mguu mlaini uliolowa unachubuka ndani ya nusu saa. Kunyweni maji hata kama hamna kiu, na simameni dakika tano kila saa, kwa kuwa uchovu wa kurudi hauonekani usoni, unaonekana kwenye hatua zinazoanza kuburuta.

Kifundo kikiteguka, usivue kiatu njiani, maana hakitarudi mguuni. Kifunge na kitambaa juu ya kiatu, gawaneni mzigo wake, mpe fimbo mbili. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mvueni pete na saa kabla mkono haujavimba, kifungeni kiungo kilichoumwa kwenye kijiti kisicheze, mtulizeni, na mbebeni. Mmoja aende mbele na mlinzi kuandaa gari. Hapa ndipo mtakapojua kwa nini nilisisitiza kuacha saa moja ya ziada.

Kambini, kagueni kupe nyuma ya magoti, kiunoni na nyuma ya masikio, watoto kwanza. Viatu viwekwe karibu na moto lakini si juu yake, vikiwa vimejazwa karatasi au majani makavu. Na mkishafika mahali simu inaposhika mtandao, kabla ya kutuma picha hata moja, mpigieni yule mliyemwachia karatasi nyumbani mumwambie mmetoka.